SOMO LETU: KHIYARI YA SIKU TATU KWA MWENYE KUNUNUA BARAZANI KWAKE

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu wa Mwanakwerekwe wengi wenu mliuliza suala moja kwa maneno mbalimbali: "Mtu akinijia nyumbani na bidhaa, nikatia sahihi, kisha usiku nikajuta, je, naweza kumrejeshea?" Siku ile sikutoa jawabu la kutosha, na baadhi yenu mnajua kwa nini nilinyamaza. Leo nataka kulijibu suala hili kwa utaratibu. Nawaombeni mlisome somo hili mbele ya wake zenu na wazee wenu, maana aghlabu wao ndio wanaokuwapo nyumbani mchuuzi anapopiga hodi, na sisi tuko shamba.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Ukinunua barazani kwako bila ya kuweka sharti la siku za kufikiri, usitegemee kuwa majuto peke yake yatakutoa. Lakini sharti hilo unaweza kuliweka wewe mwenyewe, kwa mistari michache ya wino, kabla hujatia sahihi. Dini yetu inalijua, wazee wetu walilijua, na nchi nyingine zimelitia katika sheria zao. Sisi tumelisahau tu.

1. KISA CHA PAMPU

Msimu mmoja uliopita, karafuu zilipokuwa zimeshaanza kuiva, alikuja mtu na gari mpaka kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Mwera. Alikuwa na pampu ya maji yenye mashine ya petroli, mpya, inang'aa. Shangazi ana miche michanga ya mikarafuu aliyoipanda, na kila kiangazi huihangaikia kwa ndoo. Yule mtu alikuwa na adabu na maneno mazuri. Aliwasha mashine pale uani, akavuta maji kutoka katika pipa, yakaruka mpaka kwenye mgomba. Watoto wakapiga makofi. Bei ilikuwa shilingi 650,000: papo hapo 200,000, na zilizobaki kwa miezi tisa, kila mwezi 50,000.

Nilikuwapo. Shangazi akaniuliza, "Waonaje, mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma." Chai ilikuwa imekwishaletwa, mgeni amekwishakunywa, karatasi imekwishakunjuliwa juu ya mkeka. Nikaipitisha macho, nikasema hapana neno. Shangazi akatia dole gumba, na mimi nikatia sahihi yangu kuwa shahidi.

Kesho yake tuliipeleka pampu kisimani. Ilinguruma kutwa nzima na halikutoka hata tone. Fundi mmoja akatueleza sababu yake. Pampu inayokaa juu na kunyonya haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita saba au nane hivi, hata mashine yake iwe na nguvu gani, kwa sababu maji husukumwa juu na uzito wa hewa tu, na uzito huo una mpaka wake. Kisima cha shangazi ni pima nane kufika majini, yaani zaidi ya mita 14. Fundi yule yule akatuambia kuwa pampu ya namna ile mjini inapatikana kwa shilingi 380,000.

Nilimpigia simu muuzaji siku ile ile. Alinijibu kwa upole kabisa: "Pampu ni nzima, uliiona ikifanya kazi. Bibi hakunieleza kina cha kisima, wala mimi sikusema kuwa itavuta kisimani. Na wewe, Bwana, ni shahidi." Sikuwa na la kumwambia. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Zile shilingi 200,000 zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya wachumaji. Wachumaji hulipwa kwa pishi na hawangoji. Walipoona malipo yanasitasita walikwenda shamba la jirani, na sehemu ya karafuu za shangazi zikafunua maua juu ya miti. Shangazi hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililonifanya nisome habari hizi.

2. KWA NINI BARAZANI SI SAWA NA DUKANI

Mtu anaweza kusema: kununua ni kununua, iwe Darajani au uani kwako. Sivyo. Tazameni tofauti zilizopo.

Kwanza, dukani unakwenda wewe kwa haja yako. Umeondoka nyumbani ukiwa umeshafikiri, na kima cha fedha zako unakijua. Barazani haja huletwa na mwenye kuuza, na ilikuwa haipo nusu saa kabla ya hapo.

Pili, dukani ukiona bei kubwa unavuka njia ukauliza duka la pili. Barazani hapana duka la pili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, dukani mnunuzi ndiye mgeni, na mgeni anaweza kuaga. Barazani muuzaji ndiye mgeni, na sisi watu wa visiwa hivi hatufukuzi mgeni. Tumelelewa kumkaribisha, kumpa maji, na kutomvunja uso. Mwenye kujua biashara yake anaujua ukarimu huu, naye huutumia kama mvuvi anavyoutumia upepo. Watu wengi waliotia sahihi hawakuitaka ile bidhaa. Walikuwa wanatafuta njia ya heshima ya kumwondosha mtu.

Nne, mgeni huyo akiondoka huenda usijue anapokaa. Mwenye duka utamkuta pale pale kesho.

Sisemi haya kwa mchuuzi wa samaki, wa mboga au wa mikate, wala kwa akina mama wanaopitisha kanga kwa watu wanaojuana nao. Biashara hizo ni ndogo, bidhaa huonekana, na mwenye nazo tunamjua kwao. Nasema juu ya vitu vya bei kubwa, vya kulipiwa kwa miezi, vyenye karatasi ya kutiwa sahihi.

3. KHIYARI KATIKA FIQ-HI

Waliosoma chuoni watalikumbuka neno khiyari. Maana yake ni haki ya kuchagua: kuitimiza biashara au kuivunja. Katika madhehebu ya Imam Shafii, wanayoyafuata wengi wetu, zipo khiyari tatu ambazo kila mkulima afaa azijue.

Ya kwanza ni khiyari ya majlisi. Mwenye kuuza na mwenye kununua wote wawili wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana pale walipofungia biashara. Basi mtu akijuta na mwenzake bado amekaa kwenye mkeka, aseme pale pale. Lakini gari likishaondoka, khiyari hii imekwisha. Ndiyo maana wengine huondoka upesi.

Ya pili ni khiyari ya aibu. Ikiwa bidhaa ilikuwa na kasoro ambayo hukuijua wakati wa kununua, una haki ya kuirejesha, na hapana haja ya kuwa uliweka sharti. Lakini ni lazima usikawie, wala usiendelee kuitumia baada ya kuiona ile kasoro. Pampu ya shangazi haikuwa na kasoro. Ilikuwa nzima, ila haikufaa kwa kisima chake.

Ya tatu ni khiyari ya sharti, na hii ndiyo somo letu. Wawili wanapatana tangu mwanzo kuwa mmoja wao, au wote wawili, ana muda wa kufikiri. Kwa Shafii muda huo usizidi siku tatu, na huhesabiwa tangu biashara ilipofungwa. Asili yake hutajwa katika khabari za Hibban bin Munqidh, sahaba aliyekuwa amepata jeraha la kichwa, na watu wakawa wanamghilibu katika manunuzi. Mtume (S.A.W.) hakumkataza kufanya biashara. Alimfundisha amwambie kila anayeuziana naye kuwa pasiwe na hadaa, na akampa khiyari ya siku tatu katika kila anachonunua.

Kisa hiki kina faida kubwa. Mtu mwenye udhaifu hakufungiwa nyumbani, wala hakuambiwa kuwa ujinga ni wake. Alipewa neno la kusema na siku za kufikiria. Na sote barazani kwetu, mbele ya maneno matamu, tuna udhaifu wa namna hiyo.

4. WAZEE WETU NA BEI YA KHIYARI

Neno hili si geni katika mashamba ya mikarafuu. Zamani mwenye shamba aliyehitaji fedha aliweza kuliuza kwa mwenye mali kwa bei ya khiyari. Alipokea fedha, na karatasi ikaandikwa kwamba akizirejesha kabla ya muda fulani shamba lake litamrudia. Mara nyingi mwenyewe aliendelea kukaa shambani akilipa kodi. Watu wa fiq-hi walibishana sana juu yake, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa ni mkopo uliovaa kanzu ya mauzo. Sisi hatuhukumu hapa. Tunachotaka ni funzo lake.

Funzo ni kuwa siku zilizoandikwa ni rafiki wa mwenye kuzihesabu tu. Aliyerejesha fedha ndani ya muda alipata shamba lake. Aliyepitisha muda alikuwa mpangaji katika mikarafuu aliyoipanda baba yake. Madeni yaliyashika mashamba hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamie kwa watu wa jamii nyingine bila ya idhini. Na mwaka huo huo ikatunga sheria ya chama cha wakulima wa karafuu. Basi babu zetu walijua uzito wa siku katika karatasi. Sisi wajukuu tunatia sahihi bila ya kuuliza hata siku moja.

5. WENGINE WAMEFANYA NINI

Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Kumlinda Mlaji mwaka 2012. Katika sheria hiyo, mapatano yaliyofanywa uso kwa uso mahali pasipokuwa pa biashara ya muuzaji, kama vile nyumbani kwa mnunuzi, mnunuzi anaweza kuyavunja bila ya kutoa sababu yoyote. Muda wake ni mpaka zipite siku kumi tangu alipopokea nakala ya maandishi ya mapatano. Mambo yaliyofungwa sokoni, mnadani au katika maonyesho ya biashara na kilimo hayaingii. Tazameni hekima yake: pale mnunuzi alipokwenda kwa miguu yake hapewi siku, na pale alipofuatwa kwake anapewa.

Uingereza ilianza mwaka 1964. Wachuuzi wa kupita milangoni walikuwa wakiuza vitu kwa malipo ya muda, na kina mama waliokuwa peke yao majumbani walitia sahihi bila ya kujua. Sheria ya mwaka ule ikawapa siku nne za kuvunja, zikihesabiwa tangu walipopokea nakala ya pili ya mkataba. Marekani ikafuata kwa amri iliyoanza kutumika mwaka 1974, siku tatu za kazi, na muuzaji akalazimishwa kumpa mnunuzi fomu ya kuvunjia mkononi mwake siku ile ile. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka siku zisizopungua saba mwaka 1985, kisha kwa sheria ya 2011, iliyoanza kutumika Juni 2014, zikawa 14. Tena huko muuzaji asiyemweleza mnunuzi haki yake huongezewa adhabu ya muda: mnunuzi hupata miezi 12 zaidi.

Mtaona kuwa hesabu za siku ni mbalimbali, lakini shina ni moja, nalo ni lile lile la Hibban bin Munqidh. Mtaona pia kwamba kila sheria inasisitiza nakala ya maandishi. Mnunuzi asiyekuwa na karatasi hawezi kuhesabu siku zake.

6. HAPA KWETU

Zanzibar tuna Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, na Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo, ijulikanayo kwa herufi ZFCC. Mtu aliyedanganywa juu ya bidhaa, aina yake, asili yake au bei yake, asikae kimya. Apeleke malalamiko yake huko, pamoja na karatasi na risiti.

Pia sheria ya mikataba, ambayo asili yake ni ile ya India ya mwaka 1872, inasema kuwa mapatano yaliyopatikana kwa uwongo, kwa hila au kwa kulazimishwa, aliyedhulumiwa anaweza kuyavunja. Lakini tofautisheni mambo mawili. Aliyedanganywa ana dai. Aliyejuta tu, kwa kanuni ya mikataba, sahihi yake imemfunga. Shangazi alikuwa wa pili.

Wala msidhani kuwa, kwa kuwa khiyari ni jambo la fiq-hi, basi mtakwenda kuidai kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi hapa kwetu husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Ugomvi wa pampu huenda mahakama za kawaida, na huko hakimu atauliza karatasi inasema nini. Basi khiyari yako ni lazima iwe ndani ya karatasi. Walioisikia kwa masikio tu watakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha.

7. MISTARI YA KUANDIKA

Maneno haya yanatosha. Yaandikwe kwa Kiswahili, katika nakala zote mbili, juu ya sahihi:

"Mnunuzi ana khiyari ya siku tatu kamili tangu saa ya kutia sahihi karatasi hii. Ndani ya siku hizo anaweza kuvunja mauzo haya bila ya kutoa sababu na bila ya kulipa faini. Akivunja, atairejesha bidhaa kama alivyoipokea, na muuzaji atarejesha fedha zote alizopokea."

Kisha fuateni mambo haya:

(a) Andikeni tarehe na saa. Andikeni jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, simu yake, na mahali anapopatikana. Asiyekuwa na mahali, msimpe fedha za mwanzo.

(b) Bidhaa iwepo siku ile ile. Siku tatu za kungojea bidhaa ambayo bado iko njiani si khiyari.

(c) Bakini na nakala yenu. Ikiwa karatasi imeandikwa Kiingereza, aitwe mtu wa kuisoma yote, na mgeni angoje. Akisema ana haraka, arudi kesho.

(d) Siku ya kwanza kijaribuni kitu pale kitakapofanya kazi: pampu kisimani, taa usiku, mashine ya kushona kwa nguo nzito. Siku ya pili ulizeni bei mjini. Siku ya tatu amueni. Lakini msikitumie kama chenu, na boksi lake msilichane.

(e) Mkitaka kuvunja, msingoje Magharibi ya siku ya tatu. Semeni mbele ya shahidi, na pelekeni ujumbe wa simu, ili tarehe na saa zibaki.

(f) Shahidi asome kabla ya kutia sahihi. Asiyesoma si shahidi, ni mgeni wa pili aliyekuja kunywa chai. Nayasema haya kwa nafsi yangu kwanza.

Mmoja katika wanachama wetu wa upande wa Donge aliniuliza: "Na muuzaji akikataa mistari hiyo?" Nilimwambia kuwa huyo amekwishakujibu. Mwenye kitu kizuri kwa bei ya haki, siku tatu hazimpunguzii kitu. Mwanachama huyo baadaye alijiwa na muuzaji wa betri na taa za umeme wa jua, akamtolea mistari yake. Yule muuzaji alicheka, akaitia sahihi, akaacha mzigo. Siku ya tatu mwanachama alikuwa amekwishauliza mjini, akaona bei si mbaya, akauchukua. Wote wawili waliridhika, na muuzaji yule akapata wateja wengine wawili katika kijiji kile. Vijana wetu wanaofanya kazi hii kwa uaminifu walitie jambo hili maanani. Mchuuzi anayesema mwenyewe, "Una siku tatu," huaminiwa kuliko mwenye mapambo ya maneno.

Wakati wa kukumbushana ni huu, kabla ya msimu. Malipo ya karafuu yanapoanza kutoka vituoni, khabari hufika mjini upesi, na magari huanza kupita. Mistari hii nimeiandika katika vikaratasi, navyo vipo kwa Katibu. Kila mwanachama achukue vitano, abandike kimoja nyuma ya mlango wa mbele. Shangazi amekwishabandika chake. Hajui kusoma, lakini anajua pa kumwonyesha mgeni kwa kidole. Pampu bado iko chini ya mwembe, imefunikwa gunia, na mwezi uliopita alimaliza kuilipia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Eleza tofauti ya khiyari ya aibu na khiyari ya sharti. Pampu ya kisa chetu iko upande gani, na kwa nini?

2. Kwa nini sheria ya Kenya haimpi siku aliyenunua sokoni, ikampa aliyenunua nyumbani kwake?

3. Mwenye bei ya khiyari aliyepitisha muda alipoteza nini? Nasi tujifunze nini katika kuhesabu siku?

4. Mama yako yuko peke yake nyumbani na mchuuzi amekwishakaa. Mfundishe maneno ya kusema bila ya kumvunja mgeni uso.

Majibu yaletwe katika mkutano ujao, Inshaallah.

Wenu katika kazi,
KATIBU